Kura Kuhusu Mama Aliyelala

Hapa Mandewa tuna kikundi cha kujadili kifo na fahamu za binadamu. Jumamosi nilikaa pembeni, mtoto mgongoni, jirani yangu akaleta swali. Mama yake amelala tangu wiki iliyopita bila kufumbua macho.

"Jamani, nikiongea naye ananisikia? Au nijinyamazie tu?"

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, alikunja nne. "Binti yangu, fahamu ikishazimika imezimika. Ni kama redio iliyoisha betri."

"Redio yako, mwalimu, hata ikiwa na betri haisikii mtu," mwenzake akamchokoza.

Tukacheka, kisha wakapiga kura. Walio wengi wakasema mama hasikii. Jirani yangu akainamisha kichwa, akauma ncha ya khanga.

Kikao kilipoisha tukaongozana kwenda kumjulia hali mgonjwa. Mwenyekiti akatangulia kuingia. Akavua kofia, akainama karibu na mto.

"Shikamoo, mama."

Akangoja. Akarudia kwa sauti zaidi, akangoja tena.

Nyuma yetu mjumbe mmoja akanong'ona, "Hivi watamzika hapa au watampeleka kwao Mtinko?"

Mwenyekiti akageuka kwa ukali, kidole mdomoni. "Wewe! Mama atakusikia!"

Sijawahi kuona kikundi kikitengua uamuzi wake upesi hivyo, tena bila kikao. Jirani yangu alimtazama mwalimu, akatabasamu. Kisha akavuta kigoda, akaushika mkono wa mama yake, akaanza kumsimulia kuwa yule kuku mweusi ametotoa.