Damu ya Shemeji

Nilipohamishiwa Tarime nilidhani kazi ya maabara ni ya kutulia. Kumbe huku hata tone la damu lina wenyewe.

Asubuhi moja aliletwa mwanamke kutoka upande wa Nyamongo, akivuja damu baada ya kujifungua. Kundi lake ni O, na siku hiyo friji yetu haikuwa na chupa hata moja ya O. Mumewe akaja na ndugu zake watatu, mikono ya mashati imekunjwa tayari.

"Hawa ni ukoo mmoja. Chukua yeyote, daktari."

Nikamuuliza kama mgonjwa ana ndugu wa kwao. Akakunja uso.

"Ng'ombe za mahari nilitoa zote. Huyu sasa ni mtu wetu."

Hasira zilinipanda, maana mgonjwa alizidi kupauka. Nikamvuta mpaka mezani ajionee. Juu ya chembe nyekundu za damu kuna alama, antijeni, ambazo hata hadubini yangu haizioni. Tunazitambua kwa dawa inayozishika: zikiwepo, chembe hung'ang'aniana. Miaka yote hii ujanja huo bado unanishangaza, kumjua asiyeonekana kwa kumtegea anayemshika.

Nikadondosha damu ya mkewe kwenye kigae cheupe, dawa ya bluu huku, ya njano kule, nikakitikisa. Ikabaki laini, maana kundi O halina alama hizo, na damu yenye alama ingemuua. Damu ya ndugu wa kwanza ikakatika kama maziwa. Ya pili hivyo hivyo. Na ya tatu. Mume akainama hadi pua ikakaribia kigae.

"Tikisa tena." Nikatikisa. "Hii dawa haijui mahari?"

"Haijui, baba."

Akatoka nje kupiga simu. Punde shemeji yake, kaka wa mgonjwa, dereva wa bodaboda, aliingia na helmeti kichwani. Sikumwahidi mtu kitu, kwani hata wa tumbo moja hutofautiana. Tone lake lilipobaki laini nilipiga makofi peke yangu kama mwendawazimu. Nikapima magonjwa, nikalinganisha damu yake na ya dada yake. Zikakubaliana, na mgonjwa akatundikiwa.

Jioni nilipopita wodini, mume alikuwa anamsimulia mkewe habari za kigae, mikono yote ikitikisa hewa. Mwanamke alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa wewe," alisema kwa sauti ndogo, "ulidhani ng'ombe zako zilinibadilisha mpaka damu?"

Mume alimgeukia shemeji aliyesimama mlangoni, akamsogezea kiti chake mwenyewe, akamwita kwa Kikurya kama kijana wa nyumbani.

"Mura, kaa."