Mikorosho Aliyoisomesha Dada

Nilipokuwa mtoto, hapo Msambweni, sikuwa na dogo wala kubwa nililoweza kuliweka moyoni. Nikiona jambo asubuhi, adhuhuri mtaa mzima unalo. Bibi aliyetulea, mimi na dada yangu Mwanakombo, alikuwa akinicheka tu. Laiti angenichapa.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, na dada alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha ualimu. Alikuja nyumbani wiki moja kabla ya mtihani wa kufundisha, ule wa kusimama mbele ya darasa huku mkaguzi ameketi nyuma na kalamu yake. Alikuwa amekonda. Wali hali, ukimwita anashtuka.

Siku ya pili nilimnyemelea hadi nyuma ya nyumba, kwenye mikorosho. Alikuwa amesimama na kijiti mkononi, anaiambia miti: "Juma, kaa vizuri. Fatuma, hebu soma sentensi ya kwanza." Akanyamaza, akasubiri, kisha akasema, "Vyema sana, Fatuma."

Hapakuwa na Fatuma. Nikatoka mbio kumwambia Bibi, na chumvi nikatia: kwamba nilimsikia huyo Fatuma akijibu.

Kwetu mtu akizungumza peke yake, akaita majina na kuitikiwa, huyo ana pepo. Hufungiwa chumbani siku saba kwa ubani na ngoma. Mganga akaitwa kutoka Kinango. Mtihani ulikuwa uangukie siku ya nne ya hizo saba.

"Bibi, mimi sina pepo," dada alisema. "Naogopa mtihani. Nilikuwa najizoeza tu."

"Hayo si maneno yako, mwanangu," Bibi akamjibu huku machozi yakimtoka. "Ni yeye anayesema, hataki kutoka."

Sasa mtu ajibu nini hapo? Kila alilosema likawa la pepo. Siku ya nne alipiga mlango mpaka viganja vikavimba, akililia aachwe akafanye mtihani wake. Watu uani wakatikisa vichwa, wakaambiana, mnaona sasa, pepo kapanda. Nami nilikuwa pale pale, nakula haluwa iliyonunuliwa kwa ajili ya pepo.

Chuo hakikumpa nafasi nyingine. Hakusoma tena.

Leo mwalimu wa chuo ni mimi. Kila msimu wa mitihani wanafunzi huja ofisini kwangu: mwalimu, moyo unanienda mbio, mwalimu, silali. Sina dawa kubwa. Namwuliza anaogopa nini hasa, namwacha aseme mpaka amalize, kisha namwambia asimame anifundishe somo lake, nami nikae kimya kama ile mikorosho. Wengi hutoka wamepata pumzi. Hunishukuru, na shukrani zao hunichoma.

Idi iliyopita nilikwenda kumwona dada. Bibi alikwishafariki, na dada bado yumo katika nyumba ile ile, anapika mahamri ya kuuza. Nilimweleza kazi yangu, akasikiliza huku akiyageuza kwenye mafuta.

"Mpaka leo sijui nani alimwambia Bibi," akasema taratibu. "Huyo angeniuliza mimi kwanza. Ningemwambia naogopa."

Wanafunzi wangu nawaambia kila siku kwamba hofu ikisemwa hupungua. Ilikuwa zamu yangu kusema. Badala yake nikavuta kigoda, nikaanza kumsaidia kuopoa mahamri.