Nyasi Upande wa Kushoto

Zamani Constant alikuwa mtu wa kutembea na masikio. Alizaliwa karibu na Fataki, akakua akichunga ng'ombe wa watu, na vita vilipomfukuza pamoja na mke wake Bibiane mpaka Bunia, hakuja na kitu zaidi ya sifa hiyo. Aliweza kusimama ukingoni mwa pori akakuambia mnyama yuko upande gani, na kama amelala au anatafuna. Sifa hiyo ilimpatia kazi katika kambi moja ya uwindaji, mbali kaskazini upande wa Uele, ambako wageni walishuka na ndege ndogo kuja kuwinda mbogo.

Mkubwa wa kambi alikuwa Rémy, mtu wa Butembo, mpole, asiye na maneno mengi. Yeye ndiye aliyewaongoza wageni. Constant alitangulia akisoma nyayo, amebeba miti mitatu iliyofungwa pamoja, ile ya kuegemezea bunduki. Nyuma yake alikuja Aaron wa Gety. Walilala kibanda kimoja, wakala sahani moja, na Aaron alimwita yaya, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa.

Msimu wa mwisho alikuja mgeni mwenye bunduki mpya. Mdomoni mwa mtutu palikuwa na kipande cha chuma chenye matundu ubavuni. Rémy alikiita freni ya mdomo, yaani breki, akawaeleza asubuhi kabla ya kutoka.

"Bunduki kubwa inaumiza bega la mwenye kuishika. Hii freni inatupa ile nguvu pembeni, bega linapona. Lakini nguvu haipotei. Inaenda kwa mutu mwenye kusimama pembeni. Mukae nyuma yake siku zote."

Akawapa vizibo vya masikio, vidogo na laini. Yeye na mgeni walikuwa na kaski kubwa za kufunika masikio yote mawili. Aaron alivaa vizibo vyake. Constant alivitia mfukoni.

"Nikifunga masikio, nyama nitaifuata na nini?" aliuliza.

Rémy hakubishana naye. Kambi nzima iliishi kwa masikio ya Constant.

Walimkuta mbogo peke yake, dume zee, kwenye uwazi kati ya vichaka viwili. Constant alisimika miti, akachuchumaa, akaanza kurudi nyuma taratibu. Hapo mbogo akageuka na kuanza kutembea. Mgeni akamfuata na mtutu, na ule mdomo wenye matundu ukapita juu ya bega la kushoto la Constant, karibu kama mtu anayetaka kukunong'oneza.

Mlio wenyewe hakuusikia. Alihisi kofi la hewa, kisha dunia ikafungwa.

Alipoinua kichwa, mbogo alikuwa akiingia kichakani huku akiyumba. Ndege wakaruka wote kwa pamoja bila sauti. Mgeni alikuwa anasema kitu, midomo ikicheza. Rémy alipiga makofi kuwaita, na viganja vyake vikakutana kama mikono ya ndotoni. Constant aligusa sikio la kushoto, akaona damu kidogo kidoleni. Hakuna aliyeiona. Wawili walikuwa ndani ya kaski zao, na kwao bunduki ilikuwa imekohoa tu. Aaron alikuwa mbali nyuma, na masikio yake yalikuwa yamezibwa.

Walingoja kama desturi, kisha wakafuata damu. Mgeni aliachwa chini ya mti. Aaron alitoa vizibo vyake. Constant alitangulia, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nafasi yake na miguu iliijua. Nyasi zilimfika kifuani. Aliziona zikiinama mbele yake na kufungana tena nyuma, kimya kabisa, na alihisi kwamba ni yeye aliyekufa na wengine wanamsindikiza.

Kwenye mdomo wa kichaka Rémy alisimama. Alimtazama Constant, akainua nyusi, akagusa sikio lake mwenyewe. Alikuwa anauliza kama siku zote: unasikia nini ndani?

Constant aliona kidole kwenye sikio. Akashukuru moyoni kwamba hatimaye kuna mtu aliyegundua.

"Sisikii kitu," alisema.

Rémy akaitikia kwa kichwa, akashusha bunduki kidogo, akapita.

Constant alikuwa angali anashangaa kwa nini Rémy ameenda, aliposukumwa kutoka upande wa kulia. Alianguka. Alipogeuka alimwona Aaron, mdomo wazi, na nyuma ya Aaron kitu cheusi chenye ukubwa wa nyumba. Yote yaliyofuata yalipita bila sauti hata moja: pembe, vumbi, Rémy akipiga risasi, akipiga tena. Mbogo akalala. Aaron naye akalala, shati lake likibadilika rangi polepole. Midomo yake ilitoa neno moja, na Constant hakuhitaji masikio ili kulijua. Yaya.

Kambi ilifungwa. Sikio la kulia lilirudi kidogo kidogo. La kushoto halikurudi, lakini halikunyamaza pia.

Sauti ilianza Bunia, kwenye nyumba waliyopanga mtaa wa Mudzipela. Constant alikuwa amekaa mlangoni mchana, akimtazama binti yake Priscille akipepeta maharagwe, aliposikia upande wa kushoto nyasi zikipasuliwa na mtu anayetembea. Aligeuka. Palikuwa na ukuta wa matofali. Mtu yule alitembea, akasimama, akatembea tena. Siku zilizofuata alikuwa karibu zaidi.

Bibiane alimleta Scholastique, mama wa kikundi cha maombi. Alisikiliza yote, akasema ni roho ya marehemu, ifukuzwe kwa kufunga na kuomba.

"Kama ni Aaron," Constant alimjibu, "nitamufukuza aende wapi?"

Mwishowe alikwenda hospitali. Daktari Clémence alimkalisha kwenye chumba kidogo, akamvalisha kaski yenye waya.

"Ukisikia mulio, papa, inua mukono."

Aliinua mkono. Akaushusha, akauinua tena, na tena. Daktari aliacha mashine akamtazama.

"Papa Constant, kwa sikio la kushoto sijatuma mulio hata moja."

Alimweleza kwa upole kwamba bunduki iliua mshipa wa kusikia, na kichwa kikikosa sauti kinajitengenezea yake. Watu wengi wanasikia filimbi, au mvua.

"Na hiyo mvua yao," aliuliza Constant, "nayo inakaribia?"

Daktari aliuliza kazi yake, na aliposikia kwamba siku hizi anaendesha mashine ya kusaga muhogo, akakunja uso. Alimwambia sikio la kulia ndilo pekee alilobaki nalo. Akiingia kazini avae kaski, bila hivyo sauti za watu wake zitamwisha.

Hakujua alichokuwa anamwomba. Constant aliipenda mashine kwa sababu ilifunika nyasi. Siku ya kwanza alipovaa kaski, ngurumo ikafifia, na ndani ya ule utulivu nyasi zikaja zimejaa kichwa chote. Alitaka kuivua. Akamfikiria Priscille na kicheko chake. Akaiacha kichwani, akasaga muhogo wa watu mchana kutwa huku mtu anatembea kandoni mwake.

Kisha Jeannine, mjane wa Aaron, alikuja kutoka Gety kumsalimia. Walikaa kwenye benchi la nje, yeye upande wa kulia ili asikike. Constant alimwambia alichokisema pale kichakani, na jinsi Rémy alivyokielewa, na zile hatua anazozisikia sasa.

"Aaron yeye alikuwa anasikia," Jeannine alisema.

"Ndiyo. Alikuwa ametoa vizibo."

"Basi alisikia ile nyama inakuja. Alikuita, hukugeuka. Angekimbia upande mwingine, lakini alikuja kwako." Aliinamisha kichwa. "Hakuja kwa bahati mbaya, papa. Usimukosee hivyo."

Constant hakuwa amewahi kulitazama jambo hilo kwa upande huo.

Bibiane aliwaletea chai. Na pale, katikati ya mchana, watu wakipita barabarani na jua limekaa juu ya mabati, zile hatua zikaanza. Zilikuja bila haraka, zikapita mahali zilipokuwa zikisimama siku zote, zikafika kwenye benchi. Nyasi zikanyamaza.

Constant hakugeuka. Taratibu, akiangalia asimwage chai, alisogea kumkaribia Jeannine, akaacha nafasi kushoto kwake.

"Kuna mutu anakuja?" Bibiane aliuliza kutoka mlangoni.

Jeannine alitazama ile nafasi tupu, kisha akasogea na yeye.