Kilatini cha Mutomo

Juzi binti yangu alikwama kwenye neno la Kiingereza, akaiuliza simu, na kabla sijavaa miwani maana yake ilikuwa imeshafika. Kwetu Mutomo, rafiki yangu, neno lilichimbwa.

Mwalimu wetu wa darasa la saba alijua tunavyochota maji: unafukua mchanga wa mto mkavu kwa kibuyu, polepole, mpaka uone unyevu. "Neno refu ni hivyo hivyo," alisema. "Chini yake kuna Kilatini. Msiogope, chimbeni." Akaandika *bene*, yaani vizuri, kisha *benefit* na *benefactor*. Mwili ulinisisimka. Kumbe watu waliokufa zamani hivyo walikuwa bado wanaongea kwenye ubao wetu!

Mwaka huo nyanya alikuwa na uvimbe shingoni. Jirani, aliyejua kusoma kidogo, alimletea karatasi ya majibu kutoka hospitalini. Neno moja likamshinda: *benign*. Akatikisa kichwa. Kwake, Kiingereza kigumu cha hospitali kilikuwa na maana moja tu. Nyanya hakulia. Alianza kugawa mali yake, kama wazee wetu wanavyofanya wakijiandaa: mbuzi kwa shangazi, chungu cha kupikia muthokoi wa mahindi kwa jirani, na kwangu kiondo alichokuwa bado anakisuka.

Nilitoka shule nikakuta mbuzi wanafunguliwa. Nikaishika ile karatasi, nikachimba: *beni-*, ndugu yake *bene*.

"Susu," nikamwita nyanya kwa Kikamba, "hii neno ni ya uzuri. Si ya kufa!"

"Nani amekuambia?"

"Mwalimu. Ni Kilatini."

Alijifunga leso. "Twende kwa daktari. Na hiyo Kilatini yako ikidanganya, utachunga mbuzi mpaka uzeeke."

Daktari alicheka, akasema uvimbe hauna ubaya wowote. Kesho yake nyanya alizunguka kijiji kizima akidai vitu vyake bila haya. Chungu kilirudi kikiwa na muthokoi wa moto ndani. Hata kiondo alininyang'anya, akaendelea kukisuka.

Sasa yeye na mwalimu wametutoka, na mchanga wa mto wetu umebebwa na malori hadi mwamba unaonekana. Jana nilichukua simu ya binti yangu, nikamwandikia *bene* kwenye karatasi.

"Hili," nikamwambia, "lilinirudishia nyanya kwa miaka kumi na minane."