Siku Prosesa Ilipokataa Kukaa

Najua mtacheka, kwa hivyo wacha niseme mapema: mimi Kanana, mwenye saiba, kiduka cha intaneti, hapa Isiolo (saiba ya kompyuta moja, na hilo pia mcheke mmalize), niliwahi kuitisha dua ya kufungua mashine ambayo haikuwaka.

Kompyuta ilikuwa imezeeka, unabonyeza kitu unaenda kupika chai unarudi, basi nikaamua kuibadilishia prosesa, ambayo ndiyo akili yake, pamoja na bodi, ile sahani kubwa ya ndani ambayo prosesa hukaa juu yake. Hassan, mwenye saiba ng'ambo ya barabara, akaniambia, "Dada, angalia soketi kwanza, pale prosesa inapoingia kwenye bodi, au nunua zote kwa mtu mmoja." Yaani mimi nifunzwe kununua na Hassan? Nimelelewa sokoni Meru, na mama alinifunza nyanya ni kwa huyu, vitunguu ni kwa yule, ukinunua vyote kwa mmoja utanyolewa bila maji. Nikachukua bodi kwa muuzaji mmoja wa Nairobi na prosesa kwa mwingine, nikawabana wote kwa simu mpaka wakalia, vitu vikaja na basi, nikajiona bingwa.

Siku hiyohiyo, saa saba mchana, wakaingia Mzee Guyo na binti yake Qabale, wateja wangu wa siku nyingi, wametoka Sericho. Qabale alikuwa anatuma maombi ya kusomea uuguzi na mwisho ulikuwa saa kumi. Mtu mwenye akili angewaelekeza kwa Hassan. Mimi nikasema, "Kaeni, nyinyi ndio mtafungua mashine mpya!" nikamwomba Mzee atusomee dua, majirani wakajaa mlangoni, mama wa miraa, fundi wa viatu, kila mtu amina, amina.

Nikafungua boksi. Prosesa ilikuwa na vijipini chini. Bodi nayo, badala ya matundu ya kuvipokea, ilikuwa na vijipini vyake! Nikaigeuza prosesa hivi, nikaigeuza vile, nikawatabasamia watu, halafu (Mungu anisamehe) nikakandamiza kwa kidole gumba. Ikalia krak.

"Imeingia?" Mzee Guyo akauliza.

"Inazoea," nikajibu.

Saa tisa ikanikuta bado nanyoosha pini kwa sindano, jasho linanitoka, mama wa miraa ananishauri eti nipake mafuta kidogo. Qabale akanikaribia, machozi yanamlenga. "Dada Kanana, nikikosa leo ni kungoja mwaka mzima."

Wueh! Kiburi kikaniisha hapohapo. Nikamshika mkono tukavuka barabara, umati wote nyuma yetu kama harusi. Hassan hakucheka, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Alivuta kiti tu. Fomu ilienda zikiwa zimebaki dakika sita, na Mzee akasoma dua nyingine, akamwomba Mungu ampe Kanana masikio.

Alinipa. Siku hizi silipi chochote kabla ya kusoma jina la soketi na orodha ya prosesa zinazokubaliwa na bodi, na hata Hassan hunipigia kuniuliza. Nyanya na vitunguu bado nanunua kwa watu wawili.

Juzi nikaenda hospitali kudungwa sindano, na nesi akawa Qabale. Nimefumba macho, meno nimeyauma, nikamuuliza, "Imeingia?"

"Inazoea," akasema.