Dari Iliyopitishwa na Dari Iliyowekwa

Mwanangu, iko siku moja haijawahi kunitoka kichwani: siku kontrakta Mutoro alinituma Kitale kuchukua dari ya ukumbi tuliokuwa tukijenga Bungoma. Nilikuwa kijana. Shule niliacha mapema, lakini kuuliza sikuacha. Kwa vile sasa wewe umepata kazi ya kupamba lile duka kubwa, keti nikueleze.

Kwa Kirwa, muuza vifaa, nilikuta vipande vya dari vimepangwa mafungu mawili. Vyote vyeupe, vyote vina maua yaleyale pembeni. Nikainua kimoja, kizito, ni jipsamu, ule unga wa jiwe uliogandishwa. Nikainua cha fungu la pili kwa nguvu zilezile, mkono nusura upige paa. Kilikuwa chepesi kama ile povu ngumu inayokuja na televisheni mpya ndani ya boksi. Nikashangaa. Vitu vinavyofanana hivi, mbona uzito si mmoja?

Nikamuuliza Kirwa. Hakuficha hata kidogo, na hilo linanisumbua mpaka leo.

"Hiyo nzito ni ya kuonyesha mkaguzi wa moto," akasema. "Hii nyepesi ndio ya kuweka. Kwani mkaguzi atalala huko juu?"

Wapakiaji wakacheka. Hata mimi nilicheka, bana, maana alijua kusema.

Basi mkaguzi alikuja, akapewa kipande kizito, wakakijaribu kwa moto huko kwao, kikakataa kuwaka. Ukumbi ukapitishwa. Sisi tukaanza kubandika ile nyepesi.

Pale tulikuwa na Mama Nekesa, aliyetupikia maharagwe. Jiko lake aliliwasha kwa mabaki ya mjengo, vijiti vya mbao na karatasi za simiti. Siku hiyo akaokota mabaki ya dari, akaniita kwa furaha.

"Fundi, hii ya leo uniletee kila siku. Inashinda mafuta taa."

Nikaenda kuona. Kipande kilishika moto papo hapo, kikajikunja, kisha kikaanza kudondoka matone, na kila tone lilishuka likiwaka. Nikachutama, nikatupia kingine, na kingine, nikitaka kujua kama vyote viko hivyo. Vyote vilikuwa hivyo. Na Wafula, rafiki yangu wa kutoka Matulo, alikuwa ndani juu ya ngazi, akipaka rangi chini ya dari hiyo hiyo.

Nikamwendea Mutoro. Akanionyesha barua ya mkaguzi yenye muhuri, ati nisome, na alijua vizuri sisomi. Nikarudi kwa Mama Nekesa kumuuliza yeye anaonaje. Hapo akanikemea.

"Mimi ni wa maharagwe," akasema. "Mwenye kuuza umeuliza, mwenye kujenga umeuliza, sasa unauliza mimi. Ofisi ya huyo wa moto si iko hapa tu mjini? Mpelekee hii kitu aione."

Nikasema nitaenda kesho.

Kesho yake asubuhi, kabla sijaondoka, fundi wa kuchomelea alikuwa anafunga vyuma vya mapazia. Cheche ikaruka darini, na Wafula alikuwa tena juu ya ngazi yake. Dari ilitunyeshea moto, mwanangu. Nilimvuta Wafula kwa mikono hii unayoiona ina makovu, nikamtoa nje, lakini moshi ulikuwa umemmaliza. Tulimzika Matulo.

Mutoro alienda kujenga kwingine. Kirwa bado anauza. Juzi nilipita Kitale nikaona duka lake limepanuliwa. Mkaguzi alidanganywa, hilo najua. Nisilolijua ni kwa nini hakurudi kutazama juu, na hili swali nitazeeka nalo.

Basi ukifika kazini, usiulize kama dari imepitishwa. Utaambiwa ndiyo, utaonyeshwa muhuri. Uliza ni ipi iliyopitishwa, uishike kando ya ile mnayobandika. Kata kipande kidogo, kitie moto nje, mbali na watu, usivute moshi wake. Kikidondoka kikiwaka, mshukishe kila aliye kwenye ngazi, na wewe mwenyewe ukipeleke kwa mkaguzi siku hiyo hiyo, hata kabla hujala. Usimuulize anayepata faida kwa kunyamaza. Watakuita mjuaji, pengine watakufukuza. Kwani huko Kwanza hakujengwi, na Kibabii hakujengwi? Utapata kazi ingine.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie kila ngazi unayopanda, na mikono yako izeeke na ngozi uliyozaliwa nayo.