Isale Nililochomeka Kando ya Msitu

Aibu hii nilikuwa nimeificha vizuri tu mpaka Rajabu alipoanza kuisimulia Majengo nzima kwa namna yake, na kwa namna ya Rajabu eti nililia, kwa hiyo bora niwaeleze mwenyewe. Sikulia, yale yalikuwa maji ya mfereji. Mengine yote aliyosema ni kweli.

Mimi ni mchoraji. Chumba changu kiko Majengo, kimepakana na cha Rajabu ambaye naye ni mchoraji, na hapo ndipo ugonjwa wangu wa kushuku watu ulipoanzia, maana leo nikichora twiga mbele ya mlima, kesho Rajabu ana twiga wawili mbele ya mlima (kule mlimani hakuna twiga hata mmoja, lakini wageni wanawapenda). Nikawa mtu wa kufunika kazi zangu kwa shuka. Nikisikia kitu kimegonga ukuta, najua ananisikiliza ninavyochovya brashi.

Sasa ikatokea mama mmoja mwenye hoteli akaniambia amechoka na twiga, anataka picha za msitu, tena msitu uliotulia, mtu akiutazama mabega yashuke yenyewe. Akanifundisha na namna ya kuupata: niende peke yangu, simu nizime, nitembee polepole, hatua nne navuta pumzi, hatua nne naitoa, nihesabu taratibu na nisiwaze kitu chochote. Nikaona bahati ndiyo hii, na katika kule kutowaza kitu chochote, wazo la kwanza lililonijia ni kwamba Rajabu asijue.

Nikapanda juu, kijiji sikitaji, hadi pale migomba na kahawa vinapokoma na msitu kuanza. Nikatembea kama nilivyofundishwa, moja mbili tatu nne navuta, moja mbili tatu nne natoa, na kweli jamani, nikafika mahali pazuri ambapo mfano wake sijawahi kuona: mfongo, ule mfereji wa wazee wa kumwagilia, unapita chini ya mti mkubwa wa mringaringa, maji yanaongea peke yake, ukungu unashuka kidogokidogo juu ya migomba. Nilikaa nikachora kwa penseli mpaka nikasahau njaa. Ila nilihisi natazamwa. Nikigeuka, naona kanga nyekundu inapotelea kwenye migomba, nikiinama inarudi. Nikajua tu, Rajabu kamtuma mtu.

Mwishowe mwenye kanga akajitokeza, mama wa makamo, jembe mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unatafuta nini huku?"

"Natembea tu."

"Mbona unahesabu?" (Kumbe nilikuwa nahesabu kwa sauti.)

"Navuta pumzi, mama."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Mjini pumzi zimeisha?"

Ningemwambia mimi ni mchoraji, yangeishia palepale. Lakini mtu aliyetumwa na Rajabu unamwambiaje kwamba umepata mahali pa kuchora? Nikafunga daftari kifuani, nikamwambia nataka utulivu, naye akaondoka huku akigeuka nyuma kila baada ya hatua mbili.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu. Mnipime akili. Ukungu ulikuwa unazidi, nikaogopa nisije nikapotea nikirudi kumalizia picha, kwa hiyo nilihitaji alama, lakini alama ambayo Rajabu akipita hataiona. Nikaangaza macho, nikaona masale, ile mimea ya majani marefu. Isale limejaa Uchagani kote, nikasema nani atalishangaa? Mimi Mchagga wa Majengo, kihamba, shamba la ukoo, nakijua cha kwenda kula Krismasi tu, nikasahau kwamba limejaa kila mahali kwa sababu lina kazi kila mahali. Ndilo linaloonyesha shamba la huyu linaishia wapi na la yule linaanzia wapi, na ndilo hilohilo ukimkosea mtu unamwendea na jani lake mkononi, naye akiliona hawezi kukunyima msamaha. Mimi nikavunja tawi nene, refu kunifika kifuani, nikalifunga chini kwa tambara langu la kufutia brashi nililolilowesha mfongoni ili lisikauke, nikachimba, nikachomeka, nikashindilia. Halafu (na hili ndilo linaloniuma zaidi) nikatandaza majani makavu na nyasi pale chini ili lionekane la siku nyingi.

Zikapita wiki mbili za mvua. Nikarudi na turubai yangu na kopo la rangi ya kijani, nahesabu hatua, roho nyeupe, nikakuta watu kama thelathini wamelizunguka isale langu.

Mnadhani niliwaza nini? Rajabu kaleta wateja! Nikajitupa nyuma ya mibuni, nikachuchumaa, nikatega sikio. Na kadiri nilivyosikia ndivyo nilivyozidi kujibana kwenye mibuni. Yule wa kanga nyekundu aliitwa Mama Aneti, mjane. Aliyesimama mbele yake, mzee mwenye koti, alikuwa Mzee Kanuti, shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe. Vihamba vyao vimepakana, na isale la kona lilisombwa na maji ya masika, na tangu siku hiyo wanabishana lilikuwa wapi. Leo mwenyekiti wa kitongoji amekuja kukata maneno.

"Mnabishania nini wakati isale lile pale limesimama?" Mzee Kanuti akasema. "Alilipanda marehemu baba, mimi mwenyewe nikimshikia jembe. Nyasi zilikuwa zimelificha tu."

"Shemeji, hilo halikuwepo!" Mama Aneti akasema. "Kuna mtu alikuja hapa akapima kwa miguu. Nilimwona kwa macho yangu."

"Mtu gani, mama?" mwenyekiti akauliza.

"Alisema anavuta pumzi."

Watu wakacheka. Mama Aneti hakucheka. Akanyoosha kidole nyuma ya isale langu, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo na kaburi la mume wangu limehamia kwenu?"

Nikatazama alikoonyesha. Kaburi la saruji, msalaba mdogo, maua. Kwenye mchoro wangu lilikuwemo. Nilikuwa nimelifanya jiwe, kwa sababu nililitazama na ukungu nikaona jiwe lingependeza.

Sitawadanganya, nilitaka kutambaa nirudi zangu. Hakuna aliyekuwa ameniona. Lakini mama yule alikuwa amesimama upande wake peke yake, hata mtu mmoja hakuwa naye, na mwenyekiti alikuwa ameshafungua mdomo kuamua. Nikasimama ghafla, nikapiga kelele, "Samahani jamani, hilo isale ni langu!" nikapiga hatua moja ya ujasiri, nikaingia mzimamzima kwenye mfongo, mimi, turubai na kopo la kijani.

Wakanitoa nikiwa nimepakaa kijani kuanzia kiunoni kushuka.

"Ndiye huyu! Mvuta pumzi!" Mama Aneti akapiga kelele.

"Wewe ni nani?" mwenyekiti akauliza.

"Mchoraji."

Wakafungua daftari langu, wakaona mistari ya vihamba na mringaringa na mfongo, mmoja akasema hii si picha, hii ni ramani. Nikaapa ni mimi niliyechomeka lile isale. Mzee Kanuti akacheka kwa pua. "Mnaona? Shemeji kaenda mjini kutafuta mtu wa kuja kudanganya." Na watu wakaanza kumtazama mama wa watu kwa jicho baya, yaani badala ya kumsaidia nikawa namzamisha.

Nikachanganyikiwa. "Ling'oeni!" nikasema. "Chini nimelifunga tambara lina rangi ya bluu. Kama hamlikuti, nipelekeni popote mnapotaka!"

Katekista wao, aliyekuwa amesimama karibu, akalishika isale, akalivuta. Na lilipokuwa linatoka ardhini ndipo nikakumbuka lilikuwa tambara gani.

Akalifungua taratibu, akaliinua kwa kijiti, likaning'inia mbele ya kitongoji kizima. Boksa yangu. Kuukuu, lastiki imelegea, matundu mawili nyuma, madoa ya bluu kila mahali. Watu wakasogea kuitazama. Kisha bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye gogo akauliza kwa upole kabisa:

"Kanuti, baba yenu alikuwa anavaa hii?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwenyekiti alicheka. Katekista alicheka akashindwa kuitupa. Mzee Kanuti peke yake alikuwa anafunga vifungo vya koti lake, na vyote vilikuwa vimeshafungwa.

Walipotulia, mwenyekiti akaniambia nivunje jani la lile isale. Nikalishika kwa mikono miwili, nimelowa, na kijani changu, nikasimama mbele ya Mama Aneti.

"Mama, nimekukosea. Nilidhani umetumwa."

"Na mimi nilidhani wewe umetumwa," akasema, akalipokea. Kisha akaliokota tawi lenyewe, akaliegemeza kwenye mringaringa. "Majani haya yaliyobaki msiyatupe. Kuna mtu atayahitaji."

Macho yote yakamwendea Mzee Kanuti, naye akawa anautazama mlima kama ndiyo kwanza ameuona.

Nilirudi Majengo nikamweleza Rajabu kila kitu, pamoja na kwamba chanzo ni yeye. Akanishangaa. "Msituni? Baridi ile nikafuate nini?" Hajawahi hata kuniuliza ninakokwenda.

Siku hizi nikipanda huko napiga hodi kila nyumba, nasalimia, nataja jina na ninachochora, na nikihesabu nahesabu kimoyomoyo. Mama wa hoteli alipata picha zake, isipokuwa ile ya mringaringa. Ile nilimpelekea Mama Aneti, na lile jiwe nikaligeuza kuwa kaburi tena, na msalaba wake na maua yake. Ameitundika ukutani mkabala na mlango, kila anayeingia aione.

Baada ya miezi miwili nilipita kumsalimia. Kwenye fremu palikuwa pamechomekwa majani mawili ya isale. Moja lilikuwa limekauka, langu. La pili lilikuwa bado bichi, na sikumuuliza limetoka kwa nani.

Brashi zangu sasa nazifuta kwa gazeti.